Mzigo ukisimama, analipa nani? Maneno ya ugavi kutoka gatini hadi Kariakoo

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na wengi wetu husoma mstari mmoja tu: petroli ya Dar es Salaam ni shilingi ngapi kwa lita. Ukishuka chini kwenye mchanganuo, katikati ya gharama za kununulia mafuta, kodi na tozo, utakutana na kipengele cha dimareji. Hiyo ni fedha inayolipwa kwa sababu meli ya mafuta ilikaa nangani ikisubiri kushusha kwa muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo hata kama hujawahi kuagiza hata kijiko kutoka nje, dimareji umeshailipa. Uliilipa ulipojaza mafuta, na ukailipa tena kwenye bei ya nyanya za Ilula zilizokuja mjini kwa Fuso.

Dimareji ina ndugu wengi: FOB, CIF, BL, DO, CBM, ditensheni, transiti. Mawakala wa forodha na maofisa ugavi huyatupa maneno haya mezani kana kwamba kila mtu alizaliwa nayo, na mengi ni vifupisho vya Kiingereza, ndiyo maana yanatisha. Ukiyachambua utaona karibu yote yanajibu maswali mawili. Kwa sasa mzigo huu ukiharibika, hasara ni ya nani? Na siku zikipita bila mzigo kusogea, nani anatozwa?

Kabla ya hapo, kuna maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Ununuzi ni kumtafuta muuzaji, kukubaliana bei na kusaini. Lojistiki ni kuuhamisha mzigo na kuutunza: meli, lori, ghala, kuhesabu, kupanga. Mnyororo wa ugavi ni hayo yote pamoja na fedha na taarifa zinazopita kati ya watu wote wanaogusa bidhaa, kuanzia shambani au mgodini hadi kwa mteja wa rejareja. Usimamizi wa mnyororo wa ugavi kama istilahi ni wa juzijuzi tu. Mshauri wa biashara Keith Oliver ndiye aliyeutaja hadharani mwaka 1982 akizungumza na gazeti la Financial Times. Kazi yenyewe ni ya zamani sana, na manahodha wa majahazi waliopanga safari kwa kufuata kaskazi na kusi waliifanya bila kuipa jina.

Sasa tuingie sokoni. Tuseme mama mmoja mwenye duka la vyombo vya nyumbani Mtaa wa Congo anaagiza sufuria na chupa za chai kutoka Guangzhou. Muuzaji anamtumia bei tatu za mzigo uleule: EXW dola 16,000, FOB dola 16,800, CIF Dar es Salaam dola 20,000. Zote tatu zinaweza kuwa bei za haki. Tofauti ni kazi anayoifanya muuzaji kabla ya kunawa mikono.

EXW ni bei ya mlangoni kiwandani. Mzigo ukishawekwa tayari, kinachofuata chote ni juu yako, kuanzia lori la huko China hadi forodha yao ya kutolea mzigo nje. Inaonekana rahisi, lakini kwa mtu asiye na wakala kule ni kujitafutia presha. FOB ina maana muuzaji anawajibika hadi mzigo uwe ndani ya meli bandarini kwao. Nauli ya bahari na bima unajitegemea. Kwenye CIF muuzaji analipa pia nauli ya meli mpaka Dar, na bima. Aliyewahi kuagiza gari Japani ameziona herufi hizi kwenye kila tangazo.

Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Kontena likiharibika katikati ya Bahari ya Hindi, na ulinunua kwa CIF, hasara ni ya nani? Ukiuliza Kariakoo, wengi watakujibu ni ya muuzaji, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa hadi Dar. Sivyo. Ni yako. Kwenye FOB na kwenye CIF hatari inahama mahali palepale, mzigo unapopakiwa melini bandari ya kule. Kilichobadilika ni nani aliyelipia nauli na bima. Muuzaji wa CIF anaposema mzigo ulipotelea baharini baada ya yeye kuupakia, na hati anazo, humdai kitu. Unabaki wewe na kampuni ya bima.

Na bima hiyo ni ipi? Kanuni za Incoterms, ndizo zinazofafanua maneno haya ya EXW, FOB na CIF, zinazotolewa na Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris tangu 1936 na ambazo toleo lake la sasa ni la 2020 lenye kanuni 11, zinamtaka muuzaji wa CIF akate bima ya kiwango cha chini tu, kwa asilimia 110 ya thamani ya mkataba. Kiwango hicho kinashughulikia moto, meli kuzama, kugongana na mambo ya namna hiyo. Wizi hakigusi, na maji ya chumvi yaliyopenya kwenye kontena hakiyagusi pia. Juu ya hapo, sheria yetu inataka mizigo inayoingia nchini ikatiwe bima na kampuni za hapa. Ndiyo maana mimi binafsi huona CFR, yaani CIF isiyo na bima, kuwa na mantiki zaidi kwa mfanyabiashara wa Dar. Unanunua bima hapa, kwa masharti unayoyasoma, na siku ya kudai unapanda daladala tu kwenda ofisini kwao.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. FOB iliandikwa kwa mizigo inayopakiwa moja kwa moja melini. Kontena hukabidhiwa kwenye yadi ya bandari na laweza kukaa huko siku kadhaa kabla ya kupanda meli. Ndiyo maana walioandika kanuni hizo wanashauri FCA kwa makontena, ambapo makabidhiano ni pale mzigo unapopokelewa na msafirishaji. Ushauri huo karibu hakuna anayeufuata, na FOB inaendelea kutawala kwa mazoea.

DDP ni mwisho wa upande wa pili: muuzaji anabeba kila kitu hadi mlangoni kwako, ushuru ukiwemo. Inavutia. Lakini jiulize, anayekulipia kodi TRA anatangaza thamani gani, na hati zinatoka kwa jina la nani? Kama jina lako halimo, huna namna ya kudai VAT uliyoilipa, na afisa akija dukani kuuliza mzigo uliingiaje nchini, utakuwa na maelezo mengi na karatasi chache.

TRA wenyewe hawajali ulinunua kwa neno gani. Kwa mzigo wa bahari thamani ya forodha ni CIF, kwa hiyo ukinunua FOB, nauli na bima zitajumlishwa tu. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vikuu vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu 2022, 35. Kiwango chako kinategemea namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, na ugomvi mwingi wa kodi bandarini kwa kweli ni ugomvi wa namba hiyo. Tuseme sufuria za mama yetu zimeangukia asilimia 25. Kwenye CIF ya dola 20,000 ushuru ni 5,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla, 25,000, si juu ya bei ya kununulia, nayo ni 4,500. Tayari ni dola 29,500, na bado hatujagusa tozo ya reli, ada za forodha, gharama za bandari, wakala, wala lori. Jumla ya vyote hivyo hadi mzigo uingie stoo ndiyo gharama halisi ya mzigo, na ndiyo pekee inayofaa kupangia bei. Anayepanga bei kwa kuangalia ankara ya China atauza sana na kufilisika taratibu.

Mzigo ukikaribia, simu inaanza kulia. Ujumbe wa wakala huwa hivi: «Bosi, shikamoo. Meli imefunga gati usiku. DO hawatoi, BL bado haijaachiwa huko. Mwambie mtu wako wa China afanye teleksi leo.»

BL ni hati ya shehena. Inafanya kazi tatu kwa pamoja: ni risiti kwamba meli imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji, na, hii ndiyo kubwa, ni hati ya umiliki. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na mwenye nakala halisi ndiye mwenye haki ya kukabidhiwa mzigo. Muuzaji anaishikilia hadi amaliziwe fedha yake. Teleksi ndiyo njia ya kukwepa kutuma karatasi kwa kurieri: muuzaji anazirudisha nakala halisi kwa kampuni ya meli kule, nayo inawaandikia wakala wao wa Dar kwamba mzigo uachiwe bila karatasi. Hapo ndipo wakala wa meli anapotoa DO, hati ya kuruhusu mzigo ukabidhiwe. Bila DO, hata ukiwa umemaliza kodi yote ya TRA, kontena halitoki.

Wanaochangia kontena wajue kwamba kuna BL mbili. Ile kuu inataja kampuni iliyokusanya mizigo ya watu wengi, na wewe unapewa ndogo, ya ndani. Kwa kampuni ya meli wewe hujulikani. Mwenzako mmoja kwenye kontena hilo akiwa ameficha bidhaa au hana cheti cha TBS, kontena zima linasimama, na sufuria zako pamoja nalo. Ndiyo bei ya kuchangia, hata kama kwenye karatasi ni rahisi.

Gharama ya kuchangia huhesabiwa kwa CBM, mita za ujazo. Katoni yenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40 ni CBM 0.12, katoni 100 ni CBM 12. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban CBM 33, la futi 40 refu takriban 76, ingawa hakuna anayepakia hadi pembe ya mwisho. Bandari zenyewe huhesabu kwa TEU, ambapo la futi 20 ni moja na la futi 40 ni mbili, kwa hiyo ukisikia bandari imehudumia TEU kadhaa, idadi hiyo si ya makontena. Kwa ndege mambo hubadilika. Mashirika mengi hugawa sentimita za ujazo kwa 6,000 kupata uzito wa ujazo, halafu wanakutoza ule mkubwa. Katoni yetu ni kilo 20 kwa hesabu hiyo. Ikiwa ndani kuna maua ya plastiki yenye kilo tano, unalipia 20. Ikiwa kuna simu za kilo 30, unalipia 30, na hutalalamika.

Sasa turudi kwenye saa, yaani siku zinazopita. Mtu akikuambia «nimepigwa dimareji», mara nyingi ametozwa vitu vitatu tofauti akavipa jina moja.

Storeji ni kodi ya nafasi. Inatozwa na mwenye yadi ambapo kontena limekaa, iwe mwendeshaji wa gati au bandari kavu. Dimareji ya kontena inatozwa na kampuni ya meli, kwa sababu kasha ni mali yao na limekaa bandarini na mzigo wako kupita siku za bure. Ditensheni nayo ni ya kampuni ya meli, lakini inaanza baada ya kontena kutoka getini: ni adhabu ya kuchelewa kurudisha kasha tupu. Hiyo ya kwanza ni ya ardhi, hizi mbili ni za kasha. Ndiyo sababu unaweza kutozwa storeji na dimareji kwa siku ileile, na wote wawili wakawa sahihi.

Siku za bure hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na huwa kwenye makubaliano ya nauli, kwa hiyo zinajadiliwa kabla ya kupakia. Ukishalia bandarini umechelewa. Kwa kawaida Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Kiwango nacho hupanda kwa ngazi, siku za mwanzo bei ndogo, halafu inaruka. Chukua mfano wa siku saba za bure. Teleksi imefika siku ya nane kwa sababu salio la fedha lilichelewa, tathmini ya kodi imetoka siku ya kumi, fedha ya kodi imepatikana siku ya 13, lori limepatikana siku ya 14. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alikaa bure, na bado una siku saba za kulipia mara mbili. Kisha kontena likafika Kariakoo mchana, wakati malori makubwa hayapenyi, likashushwa usiku wa pili na makuli, na dereva akapata mzigo mwingine kabla ya kurudisha tupu. Hapo ditensheni inaanza kunyemelea. Ukitaka kupunguza yote haya, dawa kubwa ni moja: kadhia za nyaraka zianze meli ikiwa bado baharini. TRA wanapokea tamko la forodha kabla mzigo haujafika, na safari ya kutoka China ina wiki za kutosha kumaliza ugomvi wa namba ya HS.

Dimareji ya meli ya mafuta, ile ya EWURA, ni nyingine kabisa ingawa jina ni moja. Pale meli nzima imekodiwa, na mkataba unampa aliyeikodi muda maalumu wa kushusha. Muda ukipita, mwenye meli anatoza kwa kila siku, na fedha hizo huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Kinachochelewesha zaidi ni upokeaji: mafuta ya meli moja yanagawanywa kwa kampuni nyingi zenye matangi ya ukubwa tofauti. Mradi wa TPA, mamlaka ya bandari, wa matangi 15 huko Kigamboni, ulioanza kujengwa 2024, umelenga hapo hasa, meli ishushie sehemu moja na iondoke.

Kuna tozo moja ambayo haina uhusiano na uzembe wa mtu. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Baadaye mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, kanuni ya zamani ya bahari inayosema gharama za kuokoa meli na shehena hugawanywa kwa wote wenye mali ndani, hata wale ambao kontena zao hazikuguswa. Aliyekuwa na bima, kampuni yake ilitoa dhamana. Asiye na bima alitakiwa kuweka fedha ndipo apewe mzigo wake.

Haya ya nchi kavu nitayapitia haraka. Bandari kavu ni yadi yenye leseni ya forodha nje ya bandari; kontena linahamishiwa huko likiwa bado chini ya ulinzi wa TRA, na mara nyingi saa ya kampuni ya meli haisimami kwa sababu tu kasha limehama. Zipo nyingi za binafsi mjini, na ipo ya Kwala, mkoani Pwani, iliyounganishwa na reli. Mzigo wa transiti ni ule unaopita kwenda Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na kwingineko. Haulipi ushuru hapa, ila unawekewa dhamana hadi uvuke mpaka, Tunduma au Rusumo kwa mfano. Ukimwagwa sokoni njiani, dhamana inaliwa. Na kufaulisha ni kuhamisha mzigo kutoka chombo kimoja hadi kingine kabla haujafika: reli ya zamani ya kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067 na SGR 1,435, kwa hiyo behewa la moja haliingii kwenye nyingine, na pale Kidatu pakajengwa kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli ya kati na TAZARA.

Mzigo ukifika stoo, maneno hubadilika lakini saa haisimami. Muda wa kungoja mzigo huhesabiwa tangu unapoagiza hadi bidhaa iwe rafuni tayari kuuzwa. Siku za melini ni sehemu yake tu. Tuseme duka linauza katoni kumi kwa siku na muda wa kungoja ni siku 60. Zinahitajika katoni 600 za kulivusha. Ukiweka akiba ya tahadhari ya 150, unatakiwa kuagiza upya zikibaki 750, ukihesabu na zile ambazo tayari ziko baharini. Wengi huzisahau hizo za baharini, wakaagiza mara mbili. Akiba ya tahadhari nayo haiongozwi na umbali peke yake. Kinachoikuza ni kutotabirika. Safari ya siku 60 isiyopinda inahitaji akiba ndogo kuliko ya siku 30 ambayo mara nyingine huwa 55. Mzigo wa Guangzhou haupiti Bahari ya Shamu, lakini mashambulizi yaliyoanza huko mwishoni mwa 2023 yalizizungusha meli za Ulaya kupitia Rasi ya Tumaini Jema, meli zikapungua duniani, na nauli za njia nyingine nazo zikapanda.

Kutotabirika huko pia huzaa kile ambacho wataalamu wanakiita athari ya mjeledi. Jay Forrester wa MIT alikieleza mwaka 1961: mabadiliko madogo ya mauzo rejareja hugeuka kuwa makubwa kadiri oda zinavyopanda kuelekea kiwandani. Procter & Gamble, watengenezaji wa nepi, waliona hilo. Watoto hawabadiliki ghafla kwa pamoja, lakini oda za nepi zilipanda na kushuka kama homa. Sisi tulipata somo linalofanana na hilo mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa zilipozuia uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika. Katika hali kama hiyo, mwenye duka wa Mbagala aliyezoea kuchukua mfuko mmoja anaagiza mitatu ili apate angalau mmoja. Wa jumla akijumlisha oda za maduka yake anaona mahitaji yamekuwa mara tatu, naye anaongeza chake juu. Upungufu ni wa kweli, ila ukubwa unaoonekana juu ya mnyororo si wa kweli. Mzigo ukija wote kwa pamoja, oda zinakauka, na aliyenunua kwa bei ya juu anabaki na stoo iliyojaa.

Dawa inayohubiriwa kwenye semina nyingi ni kuagiza kwa wakati tu, mfumo uliokomaa Toyota chini ya Taiichi Ohno: kipuri kinafika pale kinapohitajika, bila ghala kubwa. Sina ugomvi na mfumo huo. Wasambazaji wengi wa Toyota wako karibu na kiwanda, na oda hupimwa kwa saa. Kwa mwenye mgahawa wa Sinza anayenunua unga uliosagwa hapahapa Dar, mboga za alfajiri na kuku wa asubuhi, unafaa kabisa, na wengi wanaufuata bila kujua jina lake. Kwa mama wa Mtaa wa Congo, ambaye sufuria zake zimebakiza wiki tano baharini na teleksi haijatoka, bado ataihitaji ile akiba ya katoni 150.